Nimetoka kuona kimondo cha Mbozi, nimerudi na swali: nani alikuwepo akahesabu hiyo miaka?

fundi_viatu_vwawa

Wakuu habari za jioni. Mi si msomi, niliishia form two, kwa hiyo mnivumilie. Jumapili kaka yangu alikuja toka Dar na wanawe tukawapeleka Ndolezi kuona kimondo, mi nimezaliwa huku huku Mbozi ila hii ndo mara yangu ya pili kwenda, ya kwanza tulipelekwa na shule na ninachokumbuka ni soda tu. Safari hii nikalikagua vizuri. Lile dude lina urefu kama mita tatu, wamechimba kulizunguka hadi limebaki limekalia nguzo ya udongo, ukiligonga na funguo linalia kama reli, na ukiliwekea kiganja saa saba mchana unakitoa mwenyewe bila kuambiwa. Wanasema tani 16.

Sasa yule anayetembeza wageni akatuambia hili lina umri kuliko jiwe lolote mtakaloliokota Tanzania nzima, miaka bilioni nne na nusu. Mtoto wa kaka, yuko la sita, akauliza, "Nani alikuwepo akahesabu?" Watu wakacheka, yule bwana naye akacheka, tukahamia habari nyingine. Ila mi swali nimelala nalo siku tatu. Nimelipeleka kijiweni mmoja anasema wazungu wanakisia tu maana hakuna wa kuwabishia, mwingine anasema kuna mashine.

Halafu la pili, sisi Wanyiha mababu zetu walikuwa wahunzi, walikuwa wanayeyusha udongo wa chuma kwenye matanuri hadi jembe linapatikana, tunajua chuma hakijiokotei. Hiki cha mbinguni kilifuliwa na mhunzi gani?

Nawasilisha.

bati_jipya

Carbon 14 mkuu. Uzi ufungwe.

mchorongaji

Uzi haufungwi bwana bati, umeanza vibaya. Kaboni 14 ni ya vitu vilivyowahi kuwa hai, mfupa, mkaa, kipande cha mti, na ikishapita kama miaka elfu hamsini hakuna kilichobaki cha kupima. Kupima kimondo kwa kaboni ni sawa na kupima lori la kokoto kwa mizani ya sonara.

Mi niko kwenye kuchoronga miamba Kanda ya Ziwa mwaka wa tisa sasa. Tunatoa vipande virefu kama miwa tunavipanga kwenye trei, wanakuja majiolojia wanavimwagia maji wanavikagua na lenzi, na mi huwa nawasumbua kwa maswali kama haya yako. Kuna dada mmoja jiolojia alinieleza kwa mahindi na toka siku hiyo sijasahau, ngoja nikupe kama alivyonipa.

Chukua debe la mahindi masafi, hamna unga hata chembe, lifunge kifuniko ukichomelee. Ndani mna fukusi. Ila fukusi hawa si wa kawaida, hawazaliani, hawachoki, hawajali jua wala baridi, kila ukipita muda fulani nusu ya mahindi yaliyokuwepo imekuwa unga, ukipita tena muda ule ule nusu ya yaliyobaki nayo imekuwa unga. Ukikata debe ukakuta nusu kwa nusu, muda umepita mara moja. Ukikuta mahindi robo unga robo tatu, mara mbili. We hukuwepo, debe lilikuwepo.

Mahindi ni urani. Unga ni risasi, hii hii ya betri za gari. Urani inajigeuza yenyewe kuwa risasi polepole na huwezi kuiharakisha kwa moto wala kuichelewesha kwa barafu. Urani 238 nusu yake inaisha kwa miaka bilioni 4.47. Na debe lenyewe ni punje ya zirkoni, kitu kidogo kama chembe ya mchanga kinachojitengeneza mwamba ulioyeyuka unapoganda. Raha ya zirkoni ni kwamba wakati inajitengeneza urani inaikaribisha ila risasi inaikataa mlangoni, kwa hiyo leo ukiipasua ukakuta risasi ndani, imezaliwa humo humo. Na humo kuna urani ya aina ya pili, 235, hiyo nusu yake inaisha kwa miaka milioni 704 na inazaa risasi ya aina nyingine, yaani ndani ya punje moja una saa mbili za watengenezaji tofauti. Zikisoma sawa unalala usingizi. Zisiposoma sawa wanajua debe lilipasuka mahali, risasi ilivuja.

Kwa njia hiyo miamba yetu ya huku Kanda ya Ziwa inasoma kati ya bilioni 2.5 na 2.8, yale mawe ya Mwanza mnayopigia picha yamo humo. Australia sehemu inaitwa Jack Hills wamepata punje za zirkoni za bilioni 4.4. Hapo ndo mwisho, huwezi kwenda nyuma zaidi kwa mawe ya hapa duniani, maana Dunia inajila yenyewe, mwamba unazama unayeyuka unatoka upya, ule wa siku ya kwanza hatunao. Ndo maana wakaenda kwa vimondo, vyenyewe vilikaa huko juu bila kusumbuliwa.

Nje ya mada kidogo, Geita kuna mwamba wa chuma una mistari myeusi na myekundu myembamba imepangana kama shuka la Kimasai, kila mstari ulitua taratibu kwenye sakafu ya bahari ambayo haipo tena. Mara ya kwanza kuambiwa nimeshika sakafu ya bahari nikiwa Geita nilidhani nataniwa.

fundi_viatu_vwawa

Mkuu mahindi nimeelewa 100%. Ila sasa kimondo chetu ni chuma kitupu, hiyo zirkoni iko wapi humo ndani?

ticha_kemia

Swali zuri kuliko unavyofikiri, na jibu lake ndo lenye utamu.

Chuma cha vimondo karibu hakina urani kabisa. Rudi kwenye debe la mchorongaji: ukikuta debe lina unga lakini halijawahi kuwa na mahindi, huo unga ni wa tangu mwanzo, haujaongezeka. Sasa risasi iliyomo kwenye kimondo cha chuma ni risasi ya siku ya kwanza kabisa, mfumo wa Jua unaanza. Huwezi kuipata popote duniani, huku kwetu imeshachanganyika na ile iliyozaliwa na urani baadaye.

Mmarekani mmoja, Clair Patterson, alichukua kimondo cha chuma kilichoanguka Arizona kinaitwa Canyon Diablo, akalinganisha risasi yake na ya vimondo vya mawe ambavyo vina urani, halafu na risasi ya tope la chini ya bahari. Alipozichora kwenye grafu zote zikakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, na ulalo wa ule mstari ndo unakupa umri. Akachapisha 1956, miaka bilioni 4.55. Imepita karibu miaka 70, wamekuja na mashine za kila aina, namba imesogea kidogo sana. Kwa hiyo cha kwenu si ndicho kilichopimwa kwenye hesabu ile, ila ni ukoo huo huo wa chuma.

Kilichomsumbua Patterson miaka kabla ya hapo ni kwamba kila akipima risasi inazidi. Akisugua meza, inazidi. Akichemsha vyombo kwenye asidi, inazidi. Kumbe risasi iko kwenye vumbi, kwenye rangi ya ukuta, kwenye nywele zake mwenyewe, na sehemu kubwa inatoka kwenye moshi wa magari maana petroli ilikuwa inatiwa risasi. Alipomaliza na umri wa Dunia akahamia kupigana na kampuni za mafuta. Huku kwetu kusini mwa Sahara petroli ya risasi ilikoma 2006, na 2021 lile shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi likatangaza nchi ya mwisho imeacha. Wanafunzi wangu nikiwafundisha risasi naanzia hapo, umri wa Dunia wanasinzia, petroli wanaamka.

mkweli_daima

Mnajichosha. Imeandikwa siku sita. Hayo mabilioni ni ya wasioamini.

ticha_kemia

Mkweli sina ugomvi na wewe, jumapili na mi niko kwaya. Ila ujue tu aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na baadaye akasema basi ulianza ukiwa kitu kidogo kimoja, alikuwa padri wa Kikatoliki, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Misa alisoma na hesabu akapiga.

chogo_inchi14

Mmeingia anga zangu. Nimetengeneza TV Kariakoo tangu enzi za chogo, zile nzito unazibeba wawili. Vijana wa leo hamjui chenga. Kabla ya ving'amuzi, Dar analojia ilizimwa mwisho wa 2012, ukiweka chaneli isiyo na stesheni kioo kinajaa vidoti vinachemka na sauti shhhhhh, mteja anakuambia fundi TV imekufa nawe unapanda juu ya bati kuzungusha antena. Basi sehemu ndogo ya zile chenga, kama asilimia moja hivi, haikutoka duniani. Ilikuwa ni mabaki ya mwanga wa Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, unaingia kwenye antena ya mtu Buguruni.

Walioligundua ni Penzias na Wilson, Marekani, 1964. Walikuwa na antena kubwa kama pembe la ng'ombe, inaleta kelele haiishi, wakiigeuzia mjini ipo, wakiigeuzia angani ipo, usiku ipo, mchana ipo. Kama fundi mimi nawaelewa kabisa, walikagua kila kiungo. Wakakuta njiwa wameweka kiota ndani wakasafisha kinyesi chote, kelele ikabaki. Mwisho ikajulikana ni joto la ulimwengu mzima lililopoa, saivi liko kama nyuzi 270 chini ya sifuri. Wakapewa Nobel 1978. Mi nilishasafisha kinyesi cha njiwa kwenye antena zaidi ya kumi, nikalipwa buku mbili.

mtoto_wa_pwani

Shikamooni wakubwa. Mimi wa Malindi, naona mwaenda mbali wakati vitu viko hapa hapa. Kuta za nyumba zetu za kale ni matumbawe, ukiziangalia kwa karibu utaona vitundu na magamba ya chaza. Yale mawe ya pwani mengi yalikuwa hai chini ya maji miaka kama laki moja na ishirini na tano ilopita, bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Na hapa baharini kwetu ndipo iliporushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani ya kutafuta eksirei za nyota, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndipo ikaitwa hivyo.

Lakini mbona yule bwana hajajibiwa swali la mhunzi?

chogo_inchi14

Kweli bwana Malindi, tumemsahau.

Mlipuko Mkuu wenyewe haukutoa chuma hata gramu. Ulitoa hidrojeni, heli na kidogo sana cha lithi, basi. Tanuri ni nyota. Jua letu linaunguza hidrojeni kuwa heli, tani kama milioni 600 kila sekunde, katikati kuna joto la nyuzi milioni 15, na bado ni tanuri dogo, chuma halifiki. Nyota kubwa, kuanzia kama mara nane ya Jua, ndizo zinazoendelea, heli inakuwa kaboni, inakuja oksijeni, inakuja silikoni, hadi chuma. Hapo moto unagoma, maana kuunganisha chuma hakutoi joto, kunakula joto. Tumbo la nyota linakosa kitu cha kulibeba, linadondoka ndani kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya, nyota inalipuka na kusambaza kila kitu. Chuma kingine kinatoka kwa nyota ndogo zilizokwisha kufa zikanyonya jirani zao hadi zikalipuka.

Baadaye wingu lenye huo uchafu likajikunja, miaka bilioni 4.6 iliyopita. Asilimia 99.8 ya mali ikachukuliwa na Jua peke yake, makombo yaliyobaki ndo sisi wote, Dunia, Mwezi, Mshtarii. Katika hayo makombo vilikuwepo vijisayari vidogo vilivyoyeyuka, chuma kikazama katikati kama mchanga kwenye ndoo, mawe yakaelea juu. Vikagongana vikapasuka. Kipande cha kiini cha kimojawapo kikazurura huko kwa mabilioni hadi kikatua kwenye shamba la mtu Mbozi. Mhunzi ni nyota, na alikufa kabla Jua halijazaliwa.

bati_jipya

Nafuta kauli yangu ya kaboni.

fundi_viatu_vwawa

Wakuu mmenitendea haki. Jana usiku nimempigia yule mtoto nikamsomea habari ya mahindi mwanzo mwisho. Kanyamaza kidogo akasema, "Sawa, na mahindi nani aliyajaza kwenye debe?" Nikamwambia nitamrudia.

ticha_kemia

Huyo mtoto mleteni shuleni kwangu. Mwambie urani ni nzito mno, hata tanuri la nyota ya kawaida halifiki. Wengi wanaona sehemu kubwa ya vitu vizito hivyo, urani na dhahabu vikiwemo, inatoka pale nyota mbili za neutroni zinapogongana, hizo ni maiti za nyota zilizoshindiliwa, kijiko kimoja cha chai ni zaidi ya tani bilioni moja. Tarehe 17 Agosti 2017 walizinasa mbili zikigongana, mtikisiko wake ukafika hapa na darubini zikaona mwanga wake. Kwa hiyo mchorongaji, hiyo dhahabu mnayoitafuta Geita nayo imetoka kwenye ajali.

mchorongaji

Ndo maana haipatikani kirahisi.

fundi_viatu_vwawa

Nimechukua debe la mke wangu na mahindi kilo mbili nakwenda kuwaonyesha kijiweni kwa vitendo. Nimeambiwa mahindi yarudi yote na yasiwe na fukusi.