Mrejesho: Shokapu za mbele za IST, nilicholipa mwishowe

Wakuu, niliuliza kama Sh 780,000 ni bei halali kwa shokapu mbili za mbele za Toyota IST kwenye gereji moja kubwa yenye matawi kadhaa hapa Dar. Asanteni sana mlionijibu.

Niliwaomba wanichanganulie bei. Shokapu 480,000, ufundi 150,000, maunti (vishikio vya juu vya shokapu) na raba za vumbi 110,000, alaimenti (kunyoosha mkao wa tairi) 40,000. Kariakoo nikazipata shokapu zilezile mbili, mpya za kampuni ya KYB, kwa 290,000! Gereji ikakubali kufunga za kwangu, ila bila waranti na ufundi haupungui. Kwa kweli hilo liliniudhi.

Nikaenda kwa fundi wa mtaani mwenye kibanio cha kubana springi inayozunguka shokapu ili ifunguliwe salama. Hicho nilikikagua kwanza, maana springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua mtu, na wapo mafundi wanaoifunga kwa waya. Tafadhali msiwaruhusu. Ufundi 60,000. Maunti na raba za vumbi 80,000, kwa sababu za zamani zilishapasuka. Springi zilikuwa nzima, tumezirudisha. Alaimenti 30,000, na hii usiiruke: ukishalegeza boliti zinazounganisha shokapu na nafu (chuma kinachobeba tairi), tairi haikai tena ilivyokuwa, na itaanza kulika upande mmoja.

Jumla 460,000. Kugonga kwenye matuta kumeisha na gari halinesi tena likifunga breki.

Aliyeshauri nibadilishe zote nne: za nyuma tumezikagua, hazivuji, nimeziacha.