Plastiki inayotengenezwa na bakteria: kweli inaoza au tunapigwa?

JuisiYaUkwaju:
Wakuu habari za mchana. Mi nauza juisi, kuna jamaa kaniuzia vikombe vyeupe vya kuonyesha ndani, kaniambia hivi vinatengenezwa na bakteria, ukitupa vinaoza vyenyewe. Bei imechangamka kuliko vya kawaida ila nikasema poa, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa Tanzania Juni 2019 kuna wateja wanauliza uliza mambo haya. Sasa mi mbishi, nikafukia kimoja kwenye tuta la mchicha. Miezi saba baadae nafukua, kikombe kinang'aa, ukikisuuza unampa mteja. Nimepigwa? Na hiyo stori ya bakteria ipo kweli?

Mzee_wa_Maabara:
Stori ipo mkuu, tena ya zamani. Mfaransa Maurice Lemoigne aliikuta plastiki hiyo mwaka 1926 ndani ya bakteria anaitwa Bacillus megaterium. Kitu chenyewe kinaitwa PHB, kwenye ukoo wa PHA. Kwa bakteria hiyo ni akiba tu, kama nundu ya ng'ombe. Chukulia fundi ana mchanga na kokoto za kumwaga ila simenti imeisha, hajengi, anarundika pembeni akisubiri. Bakteria naye ukimpa sukari nyingi halafu ukamnyima naitrojeni au fosforasi hawezi kukua wala kuzaliana vizuri, kwa hiyo ile sukari anaigeuza vipunje vya plastiki anaweka ndani ya mwili wake. Kuna mmoja anaitwa Cupriavidus necator, huyo akinenepeshwa vizuri halafu akakaushwa, unaweza kukuta asilimia 80 ya uzito wake ni plastiki. Yaani kabakia ngozi tu 😂

Dada_Mboji:
Sawa mzee ila kaka ukwaju vikombe vyake naona si hivyo. Kikombe cheupe cha kuonyesha ndani mara nyingi ni PLA, plastiki ya aina nyingine. Hapo bakteria wanatengeneza asidi ya laktiki tu, ile ile ya kwenye mtindi, kuiunganisha iwe plastiki ni kazi ya kiwanda. Kwa hiyo muuzaji hajadanganya mia mia, kasema nusu. Shida ya PLA inataka lundo la mboji lenye joto kama nyuzi 60 hivi, la kiwandani, na tuta la mchicha halifiki huko hata kwa jua la Februari. PHA ndo inaliwa na vijidudu vya udongo wa kawaida, hata baharini, ingawa ikiwa nene inachukua muda. Geuza kitako uangalie kama wameandika PLA, au pembetatu yenye namba 7 (ila 7 ni kapu la vingi, isikupe uhakika). Au mwagia chai ya moto, PLA ya kawaida inalegea.

Kapeto_Mjanja:
Sasa kama vijidudu vinaila hiyo PHA, chupa ya shampuu ikitengenezwa nayo si itavujia bafuni?? 😅

Mzee_wa_Maabara:
Hahaha haivuji. Kwenye shelfu hakuna wa kuila, inataka unyevu na vijidudu vya kutosha. Tena umetaja shampuu, Ujerumani mwaka 1990 Wella waliuza shampuu kwenye chupa za plastiki hiyo hiyo, Biopol ya kampuni ya ICI ya Uingereza. Ilikuwa ghali mno. Kampuni ya Monsanto wakaichukua 1996, nao wakaiachia kampuni nyingine, Metabolix, 2001. Ikawa kama daladala bovu, kila mwenye nalo anatafuta wa kumuuzia.

Mtoto_wa_Kilombero:
Hapo kwenye ughali ndo sielewi, sisi huku molasi tunayo, si ndo chakula chao?

Dada_Mboji:
Chakula ni sehemu moja tu ya gharama. Lazima upike kila kitu, matangi na mipira, bakteria wa mtaani wasivamie, halafu plastiki iko ndani ya mwili wa mdudu, lazima umpasue na kuisafisha, hapo kuna dawa na umeme. China watafiti wa chuo cha Tsinghua wanatumia Halomonas, huyo anaishi kwenye maji ya chumvi kali ambayo wavamizi wengi hawawezi, kwa hiyo wanaokoa kwenye kupika. Halafu PHB tupu inavunjika kama biskuti, mpaka ichanganywe. Inapolipa kwa sasa ni vitu kama nyuzi za kushonea wagonjwa, mwili unaifyonza taratibu, na hapo hakuna anayelialia bei.

JuisiYaUkwaju:
Nimerudi. Kitakoni pameandikwa PLA kwa herufi za kutafuta na tochi. Nikamwagia chai, kikombe kimejikunja kama jani la mgomba motoni. Jamaa nimempigia, anasema yeye aliambiwa hivyo hivyo na aliyemuuzia.

Kapeto_Mjanja:
Na chai umekunywa?

JuisiYaUkwaju:
Imekunywewa na meza.