Amonaiti za Jurasiki: ninunue za Madagaska, nisafiri Ngerengere au nianze na nakala za plasta?

Mwl_Makole
Habari za jioni wakuu. Nafundisha jiografia sekondari hapa Dodoma. Tangu mwaka jana sina usingizi kwa ajili ya amonaiti, wale ndugu wa kale wa ngisi na pweza wenye gamba la kujikunja kama pembe ya kondoo dume, waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita. Nataka kuanza mkusanyo wa Jurasiki hasa, yaani miaka milioni 201 hadi 145 iliyopita. Mfuko ni wa mwalimu, kwa hiyo lazima nichague: kununua mtandaoni za Madagaska, kwenda mwenyewe ukanda wa Jurasiki upande wa pwani, au kutengeneza nakala za plasta. Aliyepita njia hizi anieleze. Na huku kwetu kwenye vilima vya mawe, hakuna kitu kabisa?

Jiwe_la_Chamwino
Mwalimu, la Dodoma nalimaliza haraka. Tumekalia granaiti ya zaidi ya miaka bilioni 2. Huo ni uji wa moto uliopoa chini ya ardhi, gamba la mnyama lingeingilia wapi? Mtu akikuletea "amonaiti ya Dodoma", mrudishie.

Fundi_Mawe
Mimi nimenunua za Madagaska mara nne, na mara ya kwanza nilikosea. Zile zinazopendwa sana, zilizopasuliwa katikati na kung'arishwa, vyumba vimejaa fuwele rangi ya asali, nyingi ni Cleoniceras. Zinapendeza mno, lakini ni za Kretasia, kama miaka milioni 110. Muuzaji aliniandikia "Jurasiki" nami nikaamini. Ukitaka Jurasiki ya kweli ulizia Perisphinctes wa upande wa Sakaraha, kusini-magharibi mwa kisiwa. Utamjua kwa mbavu: kila ubavu ukikaribia ukingo wa nje hugawanyika kuwa mbili.

Kisha chunguza kama ni halisi. Pale kuta za vyumba zinapokutana na gamba pana mistari iliyochanika-chanika kama majani ya karoti. Wa kughushi huchonga mzunguko na mbavu vizuri tu, ila mistari hiyo huwashinda. Gusa na sindano ya moto sehemu isiyoonekana. Ikinuka plastiki, umeuziwa gundi. Halafu usichanganye na notilasi, ambaye bado anaishi baharini: mistari yake ni mikunjo laini, na mrija unaounganisha vyumba hupita katikati. Kwa amonaiti, mrija huo hukaa ukingo wa nje.

Ubaya wa kununua ni kwamba gharama ya kusafirisha inaweza kuzidi bei ya jiwe. Agizeni wawili watatu pamoja.

BintiTanga
Kaka Fundi umesahau za Uingereza. Zile ndogo za Charmouth na Lyme Regis zinang'aa kama dhahabu kwa sababu ya pairaiti, madini ya chuma na salfa. Nilikuwa nazo tano nikiishi Tanga. Unyevu wa pwani uliziingia, mbili zikapasuka na kutoa unga wenye harufu ya kiberiti. Niliumia sana, maana mojawapo nilizawadiwa na marehemu baba. Tatu zilizobaki nimehamia nazo Dodoma na hazijabadilika. Ukavu wetu huu unaolalamikiwa na wakulima ni rafiki wa pairaiti. Ziweke tu kwenye kopo linalofunga vizuri.

Reli_ya_Kati
Mwalimu, njia ya pili ndiyo yangu. Unapanda treni ya SGR hapa unashuka Ngerengere, kisha unatafuta usafiri hadi Kidugallo. Pale kuna mawe ya chokaa ya Jurasiki ya Kati, yaliyotandazwa na bahari wakati Madagaska ilikuwa inaanza kujitenga na Afrika. Nimekwenda mara mbili. Magamba ya jamii ya chaza niliyaona mengi, amonaiti hata moja sikupata. Lakini kuweka kiganja juu ya sakafu ya bahari ukiwa mkoa wa Morogoro, hilo huwezi kuletewa na posta.

Tendaguru, Lindi, ni habari nyingine. Wajerumani walichimba huko 1909 hadi 1913, na yule dinosaria mrefu anasimama Berlin mpaka leo. Kati ya tabaka za dinosaria kuna tabaka za bahari, na amonaiti zake ndizo zilizosaidia kujua umri wa mahali pale. Huko nenda kuangalia tu, usibebe nyundo. Hata Amboni, ambako mapango yako kwenye chokaa ya Jurasiki, usimegue kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Uliza idara husika kabla hujaokota, na mwenye shamba umwombe ruhusa kama mgeni mwenye adabu.

Jiwe_la_Chamwino
Plasta msiidharau. Kandamiza amonaiti iliyopakwa mafuta kwenye udongo wa mfinyanzi, itoe, mimina plasta. Amonaiti moja inatosha darasa zima, kila mtoto anarudi nyumbani na yake. Ila andika nyuma kwamba ni nakala. Na uwapeleke wanafunzi makumbusho ya GST (Taasisi ya Jiolojia Tanzania) hapa hapa mjini wakaone miamba.

Fundi_Mawe
Naongeza neno. Njia yoyote utakayochagua, andika lebo: eneo, tabaka, tarehe. Nina jiwe zuri sana lisilo na lebo na limebaki pambo la mezani.

Mwl_Makole
Asanteni sana wakuu. Dada BintiTanga, pole kwa zile mbili. Nimeamua: Perisphinctes mmoja, kama sentimita 8, kwa sharti muuzaji aandike eneo alikotoka. Huyo ndiye tutakayemkandamiza kwenye udongo na Kidato cha Pili. Likizo ya Juni naelekea Kidugallo na daftari na kamera. Reli_ya_Kati, kutoka Ngerengere hadi pale bodaboda inafika, au nijiandae kutembea?

Reli_ya_Kati
Bodaboda inafika, mvua ikiwa imekatika. Beba maji ya kutosha.