Wenye mabanda ya kambi za ziwani, andikeni ukweli kwenye matangazo yenu kabla hamjatuua

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira. Tumerudi kwenye safari niliyoipanga kwa miezi mitatu: siku mbili kwenye banda la mbao kando ya ziwa, ndani ya hifadhi. Tulikuwa saba: mimi na mke wangu, mdogo wangu na mkewe, watoto wawili, na mama yetu. Nilichagua banda badala ya hema kwa ajili ya mama tu. Magoti yake mabovu, hawezi kulala chini wala kuinuka kutoka chini. Kwa hiyo lile tangazo nililisoma neno kwa neno, nikalipa mapema kama walivyotaka.

Tangazo lilisema hivi: banda la watu saba, jiko lipo, choo kipo, karibu na ziwa, maji salama ya kuogelea.

Hao watu saba waliwapataje? Vitanda viwili vya dabo deka, hapo wanne. Kochi la kukunjua, wawili, na chuma cha katikati kinawachoma mbavuni. Wa saba godoro jembamba chini. Shuka hakuna, blanketi hakuna, mto hakuna. Najua mabanda mengi ya kambini ndivyo yalivyo, unakuta kitanda na godoro tupu, matandiko unabeba mwenyewe, na sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ningeambiwa, ningebeba. Tulijifunika makoti na kanga.

Choo kipo kweli. Nimehesabu hatua kutoka mlangoni mpaka chooni: 310, tena kupanda mlima, njia ya mawe, bila taa hata moja. Mama aliamka mara mbili usiku wa kwanza. Mke wangu kamshika mkono, mimi mbele na tochi, na kila baada ya hatua kama ishirini anasimama kupumzika goti. Mara ya pili alikataa kwenda, akasema atavumilia mpaka kuche. Mama mtu mzima avumilie haja mpaka asubuhi kwa sababu mtu fulani aliona uvivu kuandika umbali wa choo!

Ziwa nalipita haraka maana kuna jambo kubwa zaidi linanisubiri. Nilimuuliza msimamizi hayo maji salama nani kayapima, akanijibu "watu wanaogelea kila siku." Hilo si jibu. Maziwa ya nchi za joto yana kichocho, na Shirika la Afya Duniani linataja nchi 78 ambako maambukizi yake yameripotiwa. Konokono wake wanapenda hapohapo ambapo watoto wanachezea, maji ya kina kifupi yaliyotulia, penye majani. Kimelea kinapenya kwenye ngozi, huna habari, dalili zinakuja wiki kadhaa baadaye. Na ziwa la nchi za baridi lina hatari yake: maji ya chini ya nyuzi 15 yanakukata pumzi ghafla ukitumbukia, unavuta maji hata kama ni mwogeleaji mzuri. Jaketi okozi nililoliona pale ni moja, la mtu mzima, limening'inizwa kwenye msumari na mkanda wake umekatika. Watoto wetu hawakugusa maji, walilia, na nilikubali walie.

Sasa jiko. Mimi niliposoma "jiko lipo" nilielewa chumba cha kupikia, hata kama ni meza na plati ya gesi. Wao walimaanisha jiko la mkaa. Moja, la kupikia nje.

Usiku wa pili mvua ilianza mapema jioni ikagoma kukatika. Paa la nje hakuna. Msimamizi akaja mwenyewe, akalibeba jiko likiwa linawaka, akaliweka ndani karibu na mlango. Maneno yake nayakumbuka: "Mkaa ukishakolea hauna shida, moshi ndio mbaya." Tukapika, tukala. Baridi ilikuwa kali, tukaliacha liwake tupate joto. Dirisha ni moja, na lilikuwa limepigiliwa nailoni kuzuia mbu.

Kama saa tano mke wangu akasema kichwa kinamuuma. Mtoto wa mdogo wangu, ana miaka mitano, akatapika. Tukalaumu chakula. Shemeji naye akasema anasikia kizunguzungu. Mimi kichwa kilikuwa kinagonga tangu muda, nikadhani ni uchovu. Mdogo wangu ndiye aliyekaa kitandani ghafla akasema, "Mbona wote kwa pamoja?" Akaruka, akafungua mlango, akalipiga teke lile jiko likaangukia kwenye mvua. Tukamtoa mama, tukatoa watoto. Yule mtoto mdogo nilimbeba mimi, mlegevu kama nguo iliyolowa, namwita jina anafumbua macho na kuyafumba tena. Tulikaa kwenye gari milango wazi mpaka alfajiri, maana lango la hifadhi linafungwa jioni na mtandao wa simu pale hakuna. Hospitali watoto wote wawili waliwekewa oksijeni. Wako salama, namshukuru Mungu.

Alichokisema yule bwana ni kinyume kabisa cha ukweli. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, ndio unaotoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu, bila wewe kujua. Haina rangi wala harufu. Inashika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, kwa hiyo unapumua lakini mwili haupati kitu. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Na watu kadhaa wa chumba kimoja wakianza kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, mengine mtajadili mkiwa nje. Kuna king'ora kidogo cha betri kinachotambua hiyo hewa, kinabandikwa ukutani. Ukutani kwetu kulikuwa na picha ya twiga.

Nimelalamika kwa maandishi. Majibu yao: nyuma ya mlango kuna karatasi inayokataza moto ndani ya banda, kwa hiyo kosa ni la mgeni. Hiyo karatasi ipo, nimeiona, inafichwa na mlango ukiwa wazi. Na aliyeingiza moto ndani ni mfanyakazi wao! Hela, wanasema, hairudi kwa sababu tulilala siku zote mbili. Kwenye gari, milango wazi, ndiko tulikolala.

Kwa hiyo mnaopanga safari ya aina hii, msilipe hata senti mpaka mjibiwe kwa maandishi: vitanda halisi ni vingapi, matandiko yapo au hayapo, choo kiko umbali gani na kina taa, mtapikia wapi mvua ikinyesha, dirisha linafunguka, lango linafungwa saa ngapi na usiku mnampigia nani mkipata dharura. Hilo la mvua ndilo lililotaka kutumaliza sisi, na sikuliuliza kwa sababu nilishasoma "jiko lipo."

Karatasi za hospitali ninazo, picha za dirisha na jiko ninazo, jina la msimamizi ninalo na silitaji hapa. Aliyewahi kupambana na wenye kambi akarudishiwa hela yake, au akawafanya wabadilishe tangazo, anieleze alianzia wapi. Hilo banda bado linatangazwa leo, maneno yaleyale.