Mrejesho: kuacha kuhangaikia sifa mbele za watu

Niliuliza Mkristo aachaje kuhangaikia jina lake wakati Mithali 22:1 inasifu jina jema. Asanteni, wapendwa. Ushauri uliozaa matunda ni wa Mathayo 6:1-4: toa sadaka kwa siri, halafu usiidokeze hata kwenye maombi ya kikundi. Hapo ndipo siri huvuja: “Tumwombee fulani, juzi nilimsaidia kodi.”

Ukisemwa vibaya, pima kwanza. Ni kweli? Tubu, rekebisha. Ni uongo? Mweleze mara moja aliyekwazika, usizunguke nyumba kwa nyumba ukijisafisha. Ila tuhuma za fedha za kanisa hazinyamaziwi kwa kisingizio cha unyenyekevu (mbinu ya wajanja hiyo). Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8:20-21, alijihadhari asilaumiwe kuhusu mchango.