Tabibu alipwe kwa cheti au kwa kazi?

Wadau habari za jioni, nipo Moshi, tabibu wa diploma, CO (clinical officer) kama mnavyotuita, mwaka wa saba huu kwenye kituo cha binafsi. Jana zamu ya usiku tumebishana hadi chai ikapoa: mshahara wetu upimwe kwa cheti au kwa kazi yenyewe?

Aliyechokoza ni mwenzetu mwenye ndugu Marekani. Kule kuna kada ya PA, wasaidizi wa daktari, darasa lao la kwanza lilianzia chuo kikuu cha Duke mwaka 1965, na mwaka 2023 nusu yao walikuwa wanapata zaidi ya dola 130,020 kwa mwaka. Najua wale siku hizi wanasoma hadi masta na maisha ya kule ni ghali, sijalewa. Ila kule ukiwa upasuaji unalipwa tofauti na wa kliniki ya kawaida, na ukihama jimbo hela inabadilika. Sisi je?

Juzi saa nane usiku kaletwa kijana wa boda, paji la uso limefunguka, ananuka mbege, umeme hamna, nesi kanishikia tochi ya simu mi nashona, nyuzi saba, na mlangoni kuna mama na mtoto ana degedege. Daktari hapokei simu. Asubuhi posho ya usiku elfu kumi, basi.

Mdau wa Sakina: Kaka pole, ila mi ni MD, daktari wa digrii, nimesota miaka mitano, intanishipu mwaka mzima, na bodi ya mikopo inanikata asilimia 15 kila mwezi. Serikalini kwenye ngazi za mshahara za afya, TGHS, wewe unaanzia B mimi E, sasa tukilingana nani atasoma tena?

Mama Neema, Kibosho: Nani kasema mlingane jamani? Mimba yangu ya kwanza nilifanyiwa opareshini na AMO, yaani CO aliyejiendeleza, na mtoto yuko fomu tuu. Halafu mwanangu mleta mada, huko binafsi uliingia umepatana au ulipokea tu barua ukashukuru? Maana serikalini TGHS B ni ile ile uwe Monduli uwe mjini, binafsi ni mdomo wako. Na angalia na makato ya mfuko wa pensheni, NSSF ya binafsi ni asilimia 10 kwako, mwenzio wa serikalini, PSSSF, anakatwa 5.

Mleta mada: Mama hapo umenikamata, nilishukuru tu 😂 nilikuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima, ningepatana na nini. Mkuu wa Sakina, ngazi yako baki nayo, sijaigusa, na hiyo ya bodi nakuonea huruma kweli. Ninachodai ni posho ifuate zamu, tabibu aliyebaki peke yake usiku asilipwe sawa na wa mchana mwenye daktari chumba cha pili. Maana nikishona vibaya, kesi wananipunguzia kwa sababu nina diploma?