Laptopu za chumba cha kusomea hapa Amu: glosi au mati? Mimi nasema mati, njooni tujadili

Asalaam aleikum wadau. Jambo lenyewe ni hili, mtaani kwetu hapa Amu (mji wa Lamu) tumechanga pesa za laptopu 10 za chumba cha kusomea cha vijana, pesa ipo alhamdulillah, sasa tumekwama kwa kitu ambacho tulipoanza kuchanga hakuna hata mmoja aliyekifikiria, kioo. Wengine wanataka vile vioo vya kung'aa kama vya simu, wauzaji wanaviita glosi, wengine tunataka visivyong'aa, mati. Jana baada ya isha tumeongea barazani mpaka watu wakaanza kupandisha sauti, nikaona bora nilete hapa kila mtu aandike kwa utulivu.

Mimi niko upande wa mati, siwafichi.

Hoja nzito kuliko zote za jana ilitoka kwa kaka mmoja anayepiga picha za harusi. Alisema weka laptopu mbili ubavu kwa ubavu, kwa glosi rangi zinatoka, nyeusi ni nyeusi kweli, hina ya bibi harusi unaifuata mstari kwa mstari, ukihamia kwa mati ni kama mtu kapulizia pumzi juu ya kioo. Na ni kweli, sibishi. Uso wa mati umefanywa mkwaruzo mkwaruzo kwa makusudi, mdogo sana huwezi kuuona kwa jicho, mwanga ukigonga pale unatawanyika badala ya kurudi mzima mzima, ndo maana huoni sura yako, lakini mwanga huohuo uliotawanyika unatandaa juu ya picha na kile cheusi kinageuka kijivu kidogo. Nyingine hata karatasi nyeupe inaonekana ina punjepunje. Kwa kazi yake glosi ni sawa kabisa, maanake yeye anafanya kazi chumba cha pazia, mlango umefungwa.

Ila sisi tunazijaribu wapi hizi laptopu kabla ya kununua? Dukani Mombasa, ndani kabisa, muuzaji ameweka picha ya samaki wa rangi na maua, basi kila anayeingia moyo unaangukia kwa glosi. Mimi nilinunua yangu hivohivo. Nikarudi nayo nyumbani, Ijumaa baada ya swala nikakaa dakani, pale ukumbini mlangoni mwa nyumba, na kanzu yangu nyeupe nimalizie hesabu za jahazi la mjomba, nafungua sikuona tarakimu hata moja, naona kanzu. Kifua chote cheupe kimekaa juu ya ile jedwali, na nyuma ya bega langu ukuta wa chokaa wa nyumba ya pili unawaka jua. Nikainamisha kioo, nikakiinua, nikageuka ubavu mpaka shingo ikauma. Dada yangu akaja kukaa palepale nilipokaa mimi, na buibui lake jeusi, akaziba ule ukuta kwa kichwa na mabega akasoma vizuri tu. Siku hiyo ndo nilielewa kwamba kwa glosi haitoshi kuangalia mashine, lazima uangalie na kilichoko mbele ya kioo, mpaka nguo uliyovaa.

Sasa kuna aliyesema dawa ni kuongeza mwangaza wa skrini. Tufanye hesabu. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na laptopu za kawaida zinatoa kama niti 250 mpaka 300. Kioo kitupu kisichopakwa dawa kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokigonga. Ukuta mweupe unaopigwa na jua letu hili unaweza kufika niti 20,000, asilimia 4 yake ni 800. Yaani sura ya ukuta ndani ya kioo inang'aa kushinda maandishi yako mara mbili na zaidi, na hapo umeshaweka mwangaza mpaka mwisho na betri inakwisha mbio. Vipo vioo vya glosi vyenye dawa nzuri ya kupunguza huo mrudisho lakini pesa yetu haifiki huko.

Hapo niwe mkweli pia, ukitoka ukakaa juani kabisa mati nayo haikusaidii, skrini nzima inageuka ukungu. Faida yake iko kivulini, pale ambapo wewe uko kwenye giza kidogo na mbele au nyuma yako kuna kitu cheupe, na hiyo ndo Amu yenyewe. Asubuhi jua linatoka upande wa Manda, kisiwa cha ng'ambo, linapiga maji, na chumba tulichopewa dirisha lake linatazama bahari. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa kufuata urefu wa boriti, chumba ni kirefu lakini upana ni mita 3 hivi ukibahatika, huna pa kugeuzia meza, ama utoe mgongo kwa dirisha ama ulitazame. Ingekuwa chumba cha ndani kabisa, vile vyenye giza, ningenyamaza mkachukua glosi.

Halafu yule aliyesema mati ni ya kizamani, makampuni makubwa yameiacha. Ni kweli Apple walipotoa MacBook Pro ya Retina mwaka 2012 hukuweza kuichagua yenye mati. Lakini Oktoba 2024 walipotoa MacBook Pro za chipu ya M4 wakaleta chaguo la kioo kisichorudisha mwanga, na ukikitaka unaongeza dola 150. Sasa kitu cha kizamani kinaongezwaje bei? Na zile ThinkPad na Latitude, laptopu za kazi zilizokwisha tumika zinazotumwa kutoka ofisi za Ulaya, ambazo ndo saizi ya mfuko wetu, nyingi zao ni mati tayari, hatuongezi hata senti.

Suala la kununua glosi kisha kubandika karatasi ya mati juu, nimelifanya kwa ile laptopu yangu na sishauri mtu. Niliibandika mwenyewe sebuleni, upepo wa kusi umeingiza mchanga mwembamba, kila punje ikawa kiputo, na herufi ndogo zikaanza kumetameta. Nikaibandua siku ya tatu.

Kusafisha, glosi inaonyesha kila kidole lakini inafutika haraka, mati inataka kitambaa laini na maji kidogo, si spiriti na si pembe ya kanga yenye chumvi ya pwani, hilo tuwafundishe vijana siku ya kwanza. Na anayesema glosi inaua macho naye apunguze, haiui. Inachofanya ni kukukodolesha na kukukunja uso saa nzima mpaka kichwa kigonge, na mtoto wa fomu foo ambaye kichwa kinamgonga anafunga laptopu anaenda zake. Mimi hilo ndo linaloniuma, tusije tukachangisha watu wa mji halafu mashine zikakaa kabatini.

Watu wa Malindi mliokwisha kununua za vikundi tuambieni mlichukua zipi na chumba chenu kinatazama wapi. Na walioko hapa, Jumamosi saa 4 asubuhi nitaweka mbili pale dakani kwetu, moja glosi ya kwangu na moja mati ya kuazima, zote na faili moja la hesabu. Njooni mkae kwa zamu, na kaka wa picha njoo umevaa kanzu.